Je, maandamano yamewahi kusafisha siasa za Uingereza?

Mwalimu_Bondeni (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya upili hapa Nakuru, na pia ni mlezi wa chama cha mjadala. Muhula huu wanafunzi wamejichagulia hoja wenyewe: "Maandamano hayajawahi kuondoa ufisadi katika siasa za Uingereza." Nilipowauliza kwa nini waende mbali hivyo ilhali ya kwetu hayajatuishia, msichana mmoja alinijibu kwamba mengi tunayoyalalamikia tuliyarithi huko: jimbo lenye mbunge mmoja, kiti kwenda kwa mwenye kura nyingi hata akikosa nusu ya kura, na wabunge kujiita waheshimiwa kabla ya yeyote kuwaheshimu. Sikuwa na la kuongeza.

Upande unaoipinga hoja umeleta mauaji ya Peterloo ya mwaka 1819 na wanawake waliopigania kura kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Upande unaoiunga mkono umeleta maandamano ya London ya Februari 15, 2003, ambapo watu wapatao milioni moja walijitokeza kupinga vita vya Iraki na vita vikapiganwa vivyo hivyo. Kisha wakaongeza, kwa ujanja ninaoupenda, kwamba kashfa ya marupurupu ya wabunge ya mwaka 2009 ilifichuliwa na gazeti na wala si na waandamanaji.

Wanafunzi hawa wana haraka, nami ninaielewa haraka yao. Juni 2024 waliwaona vijana waliowazidi miaka michache tu wakijaa Kenyatta Avenue. Tarehe 25 Bunge likapitisha Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Sasa wanasoma kuhusu nchi ambayo kudai kura kuliichukua zaidi ya miaka mia moja, na wanashindwa kuamua kama hiyo ni hadithi ya ushindi au ya kuchoka.

Ninachoomba ni hiki: sheria za uchaguzi za Uingereza zilipobadilika, na rushwa ilipopungua, hasa nini kilichosababisha? Ninaomba matukio na miaka, kwa maana kauli za jumla tunazo za kutosha.

---

Wakili_Mstaafu (Kisumu)

Mwalimu, hoja ya wanafunzi wako imefunga pamoja mambo mawili ambayo mimi ningeyatenganisha kabla mjadala haujaanza. Kuna swali la nani anaruhusiwa kupiga kura, na kuna swali la kura hiyo hununuliwa vipi. Katika la kwanza, umati barabarani ulichangia sana. Katika la pili, kazi kubwa ilifanywa na sheria tatu kavu ambazo hakuna aliyezitungia wimbo.

Nianze na la kwanza, kwa ufupi. Kabla ya mwaka 1832, Old Sarum, kilima ambacho wakazi wake walikuwa wamekwisha kuhama, kilikuwa na wabunge wawili, ilhali Manchester, mji wa viwanda uliojaa watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Viti vya aina ile vilimilikiwa na kuuzwa kama shamba lenye hati. Agosti 16, 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester kudai uwakilishi, na askari wapanda farasi wakawaingilia kwa panga. Watu wapatao 18 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Matokeo ya kwanza ya Peterloo hayakuwa mageuzi hata kidogo. Yalikuwa sheria sita zilizopitishwa mwaka uleule kubana mikutano na magazeti. Viti vya Old Sarum na vya miji mingine midogo, miji 56 kwa jumla, vilikuja kufutwa miaka 13 baadaye, na hata hapo mwanamume mzima mmoja tu kati ya takriban watano ndiye aliyekuwa na kura.

Sasa la pili, ambalo ndilo hasa la ufisadi. Hadi mwaka 1872 mpiga kura wa Uingereza alipanda jukwaani na kumtaja mgombea wake kwa sauti, karani akaandika jina lake na chaguo lake katika daftari, na mara nyingi daftari hizo zilichapishwa na kuuzwa. Mwenye shamba alimjua mpangaji aliyemsaliti, na mwenye kununua kura alijua kama bidhaa aliyoilipia imefika. Sisi tuliopanga foleni nyuma ya picha za wagombea katika mlolongo wa mwaka 1988 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Sheria ya kura ya siri ilipopita, uchaguzi mdogo wa kwanza wa ubunge uliofuata utaratibu huo ulifanyika Pontefract, huko Yorkshire, Agosti 15, 1872. Sanduku lake bado limehifadhiwa, na lakiri yake ilipigwa kwa muhuri wa kiwanda cha peremende cha mji huo. Kuanzia siku ile mnunuzi wa kura alibaki bila risiti.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1868, kesi za kupinga uchaguzi zilikuwa zimeondolewa mikononi mwa kamati za wabunge na kupewa majaji, kwa sababu wabunge walikuwa wakiamuana wao kwa wao kwa kufuata chama. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1883 dhidi ya vitendo vya rushwa na vitendo haramu katika uchaguzi, ambayo mimi ninaihesabu kuwa muhimu kuliko zote. Iliweka kikomo cha matumizi kulingana na idadi ya wapiga kura wa jimbo. Ilimtaka kila mgombea awe na wakala mmoja anayejulikana, ambaye malipo ya kampeni yangepitia kwake na ambaye angewasilisha hesabu. Ilikataza kukodi magari ya farasi ya kuwapeleka watu kupiga kura, na ikabana idadi ya watu wa kuajiriwa. Tena mgombea aliweza kupoteza kiti kwa kosa la wakala wake hata kama yeye mwenyewe alikuwa amelala nyumbani. Kabla ya hapo kila mheshimiwa alijitetea kwamba hakujua. Baada ya hapo, kutojua hakukumwokoa mtu kwa urahisi.

Hebu itazame sheria hiyo ukiwa umesimama kwenye mkutano wa kampeni hapa kwetu, ambapo matatu zimekodiwa tangu alfajiri, noti za mia mbili zinagawanywa nyuma ya jukwaa, na kina mama wanapanga foleni ya leso na pakiti za unga. Sisi pia tuna sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inayokataza kuhonga wapiga kura, na tuna sheria ya fedha za kampeni ya mwaka 2013 iliyopaswa kuweka vikomo. Hiyo ya pili haikutumika mwaka 2017 wala 2022. Wanafunzi wako wajiulize kwa nini karatasi iliyofanya kazi kule imelala hapa.

---

Binti_Bungoma

Mzee wakili, heshima zako zipo, na maelezo ya mwaka 1883 nimeyapokea kwa mikono miwili. Hata hivyo sikubaliani kwamba sheria hizo kavu zilijiandika zenyewe.

Kura ya siri iliyopitishwa mwaka 1872 ilikuwa imedaiwa hadharani tangu mwaka 1838, katika hati ya watu walioitwa Wachati. Madai yao yalikuwa sita: kura kwa kila mwanamume mzima, kura ya siri, kufutwa kwa sharti la kumiliki mali ili kuwa mbunge, mshahara kwa wabunge, majimbo yenye idadi sawa ya wapiga kura, na uchaguzi wa Bunge kila mwaka. Mwaka 1842 walipeleka bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya milioni tatu, nalo likakataliwa. Mwaka 1839 wenzao wapatao 22 walikuwa wameuawa kwa risasi huko Newport, Wales. Mkutano wao mkubwa wa Aprili 10, 1848, pale Kennington Common, ulichekwa na magazeti kama kitu kilichokwisha. Lakini hesabu madai hayo leo: ukiacha lile la uchaguzi wa kila mwaka, mengine yote yamekuwa sheria au kanuni. Mshahara wa wabunge ulikuja mwaka 1911, pauni 400 kwa mwaka, na huo nao ni dawa ya ufisadi, kwa sababu kabla yake fundi au mchimba makaa hakuweza kuketi bungeni bila mtu au chama cha kumlisha, na anayekulisha ndiye anayekutuma.

Kwa hiyo kwa wanafunzi, mimi ningesema kwamba umati ndio ulioandika orodha ya madai, na wabunge waliichota kidogo kidogo walipobanwa. Swali linalobaki ni la namna ya kubanwa, na hapo ndipo mwaka 1832 unapostahili kuangaliwa kwa karibu kuliko Mzee alivyoupitia.

Oktoba 1831 Baraza la Malodi, yaani baraza la makabaila katika Bunge, lilikataa mswada wa mageuzi, ule uliokuja kufuta viti vya kina Old Sarum. Bristol iliwaka kwa siku kadhaa, na ngome ya Nottingham ikachomwa moto. Malodi hawakutikisika vya kutosha. Mei 1832 mfalme alipojaribu kumrudisha Duke wa Wellington, mpinzani wa mageuzi, aunde serikali, mabango yalibandikwa London yakiwaambia watu kwamba wakitaka kumzuia Duke wakachukue dhahabu. Watu wakaenda Benki ya Uingereza na noti zao na kudai dhahabu, na kwa siku chache zaidi ya pauni milioni moja ikatoka. Wellington alishindwa kuunda serikali, mfalme akakubali kwamba ikibidi atateua malodi wapya wa kuupitisha mswada, na malodi waliokuwapo wakanyamaza ukapita. Moto wa Bristol uliwatia hofu, lakini dhahabu iliyokuwa ikitoka ndiyo iliyowabana.

Linganisha na mwaka 1990. Serikali ya Margaret Thatcher ilileta kodi ambayo kila mtu mzima katika eneo moja alitozwa kiasi kilekile, tajiri kwa maskini, ukiacha nafuu kwa wachache. Ilianzia Scotland mwaka 1989, kisha England na Wales mwaka uliofuata. Babu zetu huku magharibi wangeitambua mara moja, kwa kuwa kodi ya kichwa ndiyo iliyowatoa nyumbani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Machi 31, 1990, maandamano makubwa ya London yaliishia kwa fujo Trafalgar Square, na picha hizo ndizo zinazokumbukwa. Kilichoiua kodi ile, kwa maoni yangu, ni mamilioni ya watu kukataa kulipa, mahakama kujaa mashauri yao na mabaraza ya miji kukosa fedha. Novemba Thatcher akaondoka, ingawa suala la Ulaya lilichangia, na mwaka 1993 kodi nyingine ikachukua nafasi yake.

Februari 2003 watu walitembea kwa amani, siku ya Jumamosi, wakarudi nyumbani, na Jumatatu wakaenda kazini. Hawakumnyima Waziri Mkuu Tony Blair chochote alichokihitaji wiki ile.

---

Kondele_Macho (Kisumu)

Binti Bungoma amesema kweli, ila ninamwomba asiwaache wanafunzi wakiamini kwamba kumbana mtawala kunatosha. Sisi wa Kondele tumebana, na gharama tunaijua.

Mwaka 2016 tuliandamana kila Jumatatu tukidai makamishna wa tume ya uchaguzi waondoke. Watu waliuawa hapa Kisumu na Siaya. Mwishowe pande mbili za Bunge zikakaa mezani, sheria ikarekebishwa, na Januari 2017 makamishna wapya wakaapishwa. Waliotangulia waliondoka na malipo yao ya kuagwa. Septemba 1, 2017, uchaguzi wa kwanza wa urais uliosimamiwa na hao wapya ukabatilishwa na Mahakama ya Juu kwa kasoro na uvunjaji wa sheria. Tulibadilisha nyuso, na nyuso zikabadilika kweli.

Waingereza nao wana mfano wa kinyume ambao wanafunzi wautie katika mjadala. Bunge liliidhinisha vita vya Iraki Machi 18, 2003, kwa kura 412 dhidi ya 149, kana kwamba barabarani hapakupita mtu. Miaka kumi baadaye, Agosti 29, 2013, serikali ya David Cameron iliomba idhini ya kuishambulia Syria ikashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Wabunge wengi waliosimama kuzungumza siku ile waliitaja Iraki. Maandamano yaliyoshindwa yanaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya wabunge hadi siku yake, lakini huwezi kumwahidi hilo mtu ambaye mtoto wake amepigwa risasi leo.

---

Mwalimu_Bondeni (Nakuru)

Ninawashukuru nyote, na nimeyachapisha majibu haya ili wanafunzi wayasome. Wamerudi na swali moja linalonitatiza. Mengi mliyoyataja ni ya zamani, na kura za leo Uingereza hazinunuliwi kwa pombe jukwaani. Wanauliza ufisadi wa leo unashughulikiwa vipi: ule wa marupurupu, wa wafadhili wa vyama, wa mbunge kulipwa na kampuni ili aizungumzie. Je, raia wa kawaida ana nafasi gani hapo zaidi ya kusubiri gazeti?

---

Msomaji_wa_Kakamega

Mwalimu, waambie upande unaoiunga mkono hoja wawe waangalifu na mwaka 2009, kwa sababu gazeti lilikuja mwisho wa safari. Sheria ya haki ya kupata habari ilianza kutumika mwaka 2005. Mwandishi mmoja, Heather Brooke, aliitumia kuomba maelezo ya marupurupu ya wabunge, akakataliwa, akafika Mahakama Kuu, na Mei 2008 mahakama ikaamuru maelezo yatolewe. Wabunge walikuwa wamejaribu hata kujiondoa katika sheria waliyoipitisha wenyewe. Mei 2009, kabla ya Bunge kutoa hati zilizofutwafutwa, gazeti la Daily Telegraph lilipata rekodi kamili likazichapisha siku baada ya siku. Palikuwa na mbunge aliyedai gharama za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake, na mwingine, Peter Viggers, aliyeomba pauni 1,645 za kibanda cha bata kinachoelea kidimbwini, dai ambalo hata ofisi ya Bunge ilikataa kulilipa.

Spika Michael Martin alilazimika kujiuzulu, wa kwanza kusukumwa nje tangu John Trevor mwaka 1695, ambaye kosa lake lilikuwa kupokea hongo. Wabunge kadhaa walifungwa, miongoni mwao David Chaytor, miezi 18. La maana zaidi ni kwamba mamlaka ya kuidhinisha marupurupu yalihamishiwa chombo huru kwa sheria ya mwaka uleule. Sisi Mei 2013 tulikuwa na nguruwe walioachiliwa nje ya Bunge jijini Nairobi kupinga wabunge kujiongezea mishahara, na picha zao zilizunguka dunia nzima. Wabunge wetu bado walipata ruzuku ya magari. Sisemi nguruwe walikosea. Ninasema nyuma yao hapakuwa na hati mkononi wala amri ya mahakama iliyowafanya waheshimiwa watetemeke.

Kuhusu mbunge kulipwa ili aizungumzie kampuni, mfano ulio wazi ni wa Owen Paterson. Oktoba 2021 kamishna wa maadili ya Bunge na kamati yake walimkuta na hatia ya kuzitetea serikalini kampuni mbili zilizokuwa zikimlipa, na ikapendekezwa asimamishwe siku 30 za vikao. Serikali ya Boris Johnson iliwaelekeza wabunge wake wakwamishe adhabu hiyo na kubadili utaratibu wenyewe. Kelele zilizofuata zikaifanya irudi nyuma kesho yake. Paterson akajiuzulu, na Desemba wapiga kura wa North Shropshire, jimbo lililokuwa ngome ya Wahafidhina kwa vizazi, wakampa kiti mgombea wa Liberal Democrats. Raia wa kawaida alikuwa na nafasi, na aliitumia katika uchaguzi mdogo.

Wana pia sheria ya mwaka 2015 ya kumwita mbunge nyumbani. Mbunge akifungwa, au akisimamishwa siku 10 za vikao au zaidi, au akipatikana na hatia ya kudanganya kuhusu marupurupu, asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo wakitia sahihi ndani ya majuma sita kiti kinakuwa wazi. Wa kwanza kuondolewa hivyo alikuwa Fiona Onasanya wa Peterborough, mwaka 2019, na waliotia sahihi walizidi robo ya wapiga kura. Katiba yetu ya mwaka 2010 ina haki hiyohiyo katika kifungu cha 104, lakini sheria iliyopaswa kuitekeleza ilitaka asilimia 30 na masharti mengine mazito, hadi Mahakama Kuu ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake mwaka 2017. Hakuna mbunge wetu aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa njia hiyo.

Na kabla wanafunzi hawajaipa Uingereza alama zote, wasome kesi ya Smith & Ouzman, kampuni ya uchapishaji ya Eastbourne. Desemba 2014 mahakama ya London iliikuta na hatia ya kuwahonga maafisa wa umma wa Kenya na Mauritania ili ipate kandarasi. Kwa upande wetu, kandarasi hizo zilihusu karatasi za tume ya uchaguzi na za baraza la mitihani. Katika barua zao, fedha za hongo ziliitwa "kuku". Mkurugenzi mmoja alifungwa miaka mitatu, kampuni ikaamriwa kulipa takriban pauni milioni 2.2, na sehemu ya fedha hizo ikaletwa Kenya kununua magari ya wagonjwa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo: karatasi ya kura inayopigwa Kakamega ilitiwa hongo Eastbourne, na aliyemfunga mtoaji ni Mwingereza. Hakuna aliyeandamana kwa ajili hiyo, kule wala huku. Wapelelezi wa makosa makubwa ya ulaghai walifuata malipo benki kwa benki.

---

Wakili_Mstaafu (Kisumu)

Nimerudi kwa jambo moja, kwa kuwa Mwalimu ametaja wafadhili, na kwa kuwa Binti Bungoma amenishawishi nusu.

Udhaifu wa sheria ya mwaka 1883 ni kwamba ilimbana mgombea jimboni na kukiacha chama makao makuu. Kikomo cha matumizi ya vyama kitaifa kilikuja kwa sheria ya mwaka 2000, iliyounda pia Tume ya Uchaguzi na kukataza misaada kutoka nje. Mwaka 2023 serikali ikakipandisha kikomo hicho kwa asilimia 80 hivi, hadi zaidi ya pauni milioni 30. Kiasi ambacho tajiri mmoja anaweza kukichangia chama hakina kikomo hadi leo. Kwa hiyo mnunuzi ameacha kumfuata mpiga kura mmoja mmoja, anaketi mezani na mweka hazina wa chama. Sheria za mwaka 2022 na 2023 zilizowapa polisi mamlaka makubwa zaidi juu ya maandamano zilipita chini ya serikali hiyohiyo, na msomaji wa sheria sita za mwaka 1819 hatashangaa.

Lakini kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti. Mwaka 1951 Labour walipata kura nyingi kuliko Wahafidhina nchi nzima na bado wakashindwa kwa viti. Mwaka 2024 Labour walipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14.3 na viti vitano. Liberal Democrats, wenye asilimia 12.2, walipata 72 kwa sababu kura zao zilikuwa zimekusanyika mahali pa kufaa. Ukiwa umeshinda kwa kanuni kama hiyo, ni nani atakayekushawishi kuibadilisha? Labour waliahidi kura ya maoni katika ilani ya mwaka 1997, tume ya Roy Jenkins ikatoa ripoti mwaka 1998, na kura hiyo haikupigwa. Kura ya maoni ya Mei 5, 2011, ilihusu mfumo mwingine, wa kuwapanga wagombea kwa nambari katika jimbo lilelile la mbunge mmoja, na asilimia 67.9 wakaukataa.

Scotland na Wales zimekuwa na mfumo wenye uwiano, yaani wa kukaribisha viti vya chama na kura zake, tangu mwaka 1999, na mwaka 2024 Bunge la Wales lilipitisha sheria ya kuufanya wa kwake uwe wa uwiano zaidi, bila moto wala dhahabu. Inaonekana ni rahisi zaidi kuandika kanuni ya haki kwa Bunge jipya kuliko kwa Bunge ambalo wenyewe wamekwisha kukalia viti.

Ukitaka hoja yenye mgogoro wa kweli, Mwalimu, wape wanafunzi tarehe 3 Desemba 2024. Siku hiyo Sarah Olney wa Liberal Democrats aliomba ruhusa ya kuwasilisha mswada wa uwiano wa kura, akapewa dakika kumi za kuutetea, na Bunge likampa ruhusa hiyo ya kuuwasilisha kwa kura 138 dhidi ya 136. Kati ya walioukubali wamo wabunge wa Labour walioingia kwa mfumo uleule wanaotaka uondolewe. Serikali haikuutengea muda wa kuendelea, na hakuna barabara hata moja ya London iliyofungwa kwa sababu hiyo.

---

Mwalimu_Bondeni (Nakuru)

Nimeipokea, Mzee. Ijumaa hoja itasomwa hivi: "Mswada wa Olney ungepita kama watu wangetoka barabarani." Nimewapa upande wa kupinga dakika mbili zaidi, kwa sababu wameomba waanze na Benki ya Uingereza.